Daftari lina majina 187, mkutanoni tumefika 41. Naombeni ushauri kabla sijamfuta mtu

#1 BintiMkoani

Assalaam alaykum wanajamvi. Maneno yatakuwa mengi, mnivumilie, jambo hili linanikosesha usingizi.

Mwezi wa tatu nilichaguliwa katibu wa uanachama katika jumuiya yetu ya wanataaluma. Jina sitalitaja. Tumo wahadhiri, watafiti, walimu wa skuli za sekondari na wanafunzi wa uzamili, Unguja na Pemba. Jarida tunalo, kongamano tunafanya, na ada ya mwaka imo kwenye katiba tangu siku ya kwanza. Siku ya kukabidhiwa kazi nilipewa mfuko wa plastiki. Ndani mna daftari la kaunta lenye jalada jekundu lililoanza kuachia, vitabu viwili vya risiti, muhuri na flashi.

Daftari lina majina 187. Kwenye flashi mna jadweli la Excel lenye majina 112. Kundi letu la WhatsApp lina watu 139. Nilikaa siku tatu na penseli nikilinganisha jina kwa jina. Waliomo katika orodha zote tatu ni 54 tu.

Mkutano mkuu tuliufanyia Chake Chake. Katiba inasema akidi, yaani idadi ya chini ya watu ili mkutano uwe halali, ni nusu ya wanachama wote. Sasa wanachama wote ni wepi? Mwenyekiti akasema daftari ndilo daftari, basi ni 187 na nusu yake 94. Ukumbini tulikuwa 41. Kuna waliotoka Unguja kwa boti wakashukia Mkoani, kuna waliotoka Micheweni alfajiri. Mkutano ukaahirishwa kabla hatujafika ajenda ya tatu. Na mweka hazina anasema waliolipa mwaka huu ni 63. Tungehesabu kwa hao, nusu yao ni 32, tungeendelea na kazi.

Lililoniuma zaidi lilitokea mlangoni. Tuliweka meza, kijana akawa anaangalia nani kalipa ndipo ampe karatasi ya kura. Akaja Maalim mmoja, mtu mzima, mwalimu mstaafu wa historia. Kijana akapekua, jina hakuna. Maalim akatoa bahasha kwenye mfuko wa kanzu, ndani mna risiti tatu za miaka mitatu mfululizo, wino wa buluu, muhuri wetu juu yake. Akazipanga mezani moja moja, akaziwekea kidole. Akasema, "Mwanangu, mie nimelipa. Sasa wewe niambie, mie hapa ni nani?" Kijana hakuwa na jibu. Mie nilikuwa nimesimama nyuma yake, na mie pia sikuwa nalo.

Baada ya mkutano baadhi ya wajumbe wa kamati wananitaka nisafishe daftari. Yaani kila ambaye hana ada ya miaka miwili, nimfute. Wanataka orodha kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa hesabu ya Excel, Maalim huyu ni wa kufutwa. Nimeshika kalamu lakini mkono hauendi. Waliowahi kushika kazi hii, naombeni mnisaidie.

#2 Mtunza_Nyaraka

Wa alaykum salaam dada. Kwanza pole kwa kazi, na hongera kwa zile siku tatu za penseli. Wengi wanaopewa mfuko huo huurithisha kama walivyoupokea.

Nimefanya kazi na kumbukumbu kwa muda mrefu, nakuambia hili bila ya kuzunguka: usifute jina hata moja. Daftari la wanachama si la mwaka huu peke yake. Miaka 30 ijayo atakuja mtu kuandika historia ya usomi visiwani, atataka kujua nani alikuwa katika jumuiya gani na kuanzia lini. Ukishakata jina kwa wino au ukalifuta kwenye kompyuta, umefuta na huo ushahidi.

Unachokihitaji ni safu moja zaidi katika jadweli lako, safu ya hali ya mwanachama. Ndani yake andika moja kati ya haya: hai, anadaiwa, amesimama, amejitoa, amefariki. Pembeni yake tarehe hali ilipobadilika na jina la aliyeibadilisha. Hapo hujamfuta mtu, lakini ukiulizwa leo walio hai ni wangapi, unachuja safu moja na jibu unalo.

Sasa njoo kwenye akidi, hapo ndipo mlipojikwaa. Katiba yenu inasema "wanachama wote" pale ilipotakiwa kusema "wanachama hai". Neno moja hilo limewarudisha watu makwao. Lakini angalia mtego uliopo: kubadilisha katiba kunahitaji mkutano mkuu, na mkutano mkuu unahitaji akidi, na akidi hamna. Kwa hiyo kabla ya lolote soma kifungu cha mikutano mpaka mwisho, usiishie kwenye mstari wa akidi. Katiba nyingi za jumuiya zina kipengele kinachosema mkutano ukivunjika kwa kukosa akidi utaitishwa tena baada ya siku kadhaa, na watakaohudhuria mara ya pili watahesabika kuwa akidi. Kama kimo, mmeokoka. Kama hakimo, mwandikieni Mrajis wa Jumuiya kuomba mwongozo, msijitungie njia. Na mkishapitisha mabadiliko, yapelekwe kwake, kwa sababu katiba inayotambulika ni ile aliyonayo yeye, si ile mliyonayo kwenye simu.

#3 Ngalawa_Moja

Naheshimu maneno ya hapo juu lakini sikubaliani nayo yote.

Nimekuwa mweka hazina wa jumuiya ya wasomi miaka sita. Najua maana ya kuwapigia watu simu kwa salio lako, mtu anakujibu "inshaallah mwisho wa mwezi", na mwisho wa mwezi hapokei. Jarida linataka kuchapwa, ukumbi unataka kulipiwa, mgeni anataka pa kulala. Wanaobeba ni wale wale thelathini. Halafu siku ya uchaguzi wanajaa ambao hujawaona miaka minne, wanataka kura, na wengine wanataka uongozi kabisa.

Mtu asiyelipa miaka miwili, amekumbushwa na hajajibu, ameshaondoka kwa miguu yake. Kumfuta ni kuandika alichokwisha kukifanya mwenyewe. Dada, kamati haikuonei, inajaribu kuiokoa jumuiya.

Kuhusu Maalim mwenye risiti, hilo ni kosa la aliyepokea pesa asiandike, wala halihusiani na wanaodaiwa kikweli.

#4 BintiMkoani

@Ngalawa_Moja, kaka, uchungu wako naujua, na hao thelathini nawajua kwa majina. Ila umesema "amekumbushwa". Nimepekua kila kitu nilichokabidhiwa, sijaona barua ya kumkumbusha mtu, hata ujumbe mmoja wa simu. Ada kwetu inalipwa kongamano likifika, mtu akiwa mbele ya meza ya usajili. Kongamano lisipofanyika hakuna anayeuliza. Sasa mtu wa Kengeja ambaye hakupata nauli ya kuja Unguja mwaka ule, tunaweza kusema amekataa kulipa?

@Mtunza_Nyaraka shukran sana. Nimekisoma kifungu. Kipengele cha mkutano wa pili kimo, ni siku 21. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa akikijua.

#5 Mwamba_Pwani

Hilo la kongamano ni kubwa kuliko linavyoonekana, naomba nilikalie kidogo.

Mie ni mtu wa sayansi ya bahari, mwanachama wa WIOMSA. Wasioijua, hiyo ni jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa ukanda huu wa magharibi ya Bahari ya Hindi, ilianzishwa 1993 na makao yake yako hapa hapa Unguja. Wanachama wake wametapakaa kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, na visiwa vya Komoro, Madagaska, Shelisheli, Morisi na Reunion. Kuna wanachama binafsi na kuna taasisi. Kongamano lake la kisayansi huhama: 2017 lilikuwa Dar es Salaam, 2019 Morisi. Jarida lake linatoka tangu 2002, na mtu yeyote anaweza kulisoma bure kwenye intaneti, awe mwanachama au asiwe.

Nimelitaja jarida makusudi. Zamani mtu alijiunga na jumuiya ya kitaaluma kwa sababu bila ya uanachama jarida halimfikii. Ada ilikuwa kama bei ya jarida. Sasa makala ziko wazi kwa dunia nzima, na ni vizuri ziwe hivyo, hasa kwetu ambao maktaba zetu haziwezi kununua majarida ya bei kubwa. Lakini mwanachama anabaki na suali: nalipia nini? Ikiwa jibu pekee ni punguzo la kongamano, basi atalipa mwaka wa kongamano na mwaka mwingine atapumzika. Hana ubaya wowote, anafuata hesabu tuliyompa sisi wenyewe.

Kwa hiyo dada, kabla ya kudai, waandikie watu wanapata nini kwa mwaka mzima. Kwetu wakati nashika kazi kama yako katika tawi dogo, kilichowarudisha watu kilikuwa jambo jepesi: kila mwezi mwanachama mmoja anasoma rasimu ya makala yake mbele ya wenzake, saa moja na nusu, wanamkosoa kabla hajaipeleka kwenye jarida. Mwalimu wa skuli aliyepata watu wanane wa kumsomea kazi yake, hahitaji kukumbushwa ada. Anauliza mwenyewe alipe wapi.

Jengine, malipo. Pesa za simu zimerahisisha lakini zimeleta fumbo lake. Mwanachama analipa kwa simu ya mkewe, au anamtuma kijana wa dukani. Kwenye taarifa ya akaunti linatokea jina ambalo halimo kwenye daftari. Mweka hazina anaona shilingi zimeingia, hajui za nani, anaziacha. Kila mwanachama apewe namba, na namba hiyo iandikwe kwenye maelezo ya malipo. Asiye na namba asitume kabla ya kupiga simu. Na risiti imfikie siku ile ile pesa ilipoingia, hata kama ni picha ya risiti kwenye WhatsApp. Risiti ya siku ile ile inajenga imani kuliko hotuba ya mwenyekiti.

#6 Mwalimu_wa_Wete

Namba, namba, namba. Naunga mkono kwa mikono miwili, tena kwa sababu nyengine.

Majina yetu. Chukua darasa moja la skuli yoyote Pemba, utakuta watoto wawili wenye majina matatu sawasawa, la kwake, la baba na la babu. Wakikua wakawa wasomi wote wawili, daftari lako litawafanya mtu mmoja. Au kinyume chake, mtu mmoja anakuwa watatu: mara Khamis mara Hamis, mara Abdalla mara Abdallah, mara Othman mara Osman. Kuna na "masahihisho" ya mchapaji anayeona Salum akaandika Salim akidhani anarekebisha, na kumbe hayo ni majina mawili na watu wawili. Zile 54 zako dada, nina hakika ukiziangalia upya kwa jicho hili zitaongezeka.

Kwa wanaochapisha makala, waombe na namba ya ORCID, yaani namba ya kimataifa ya kumtambulisha mtafiti. Ilianza 2012, ina tarakimu 16, kujiandikisha ni bure, na inabaki na mtafiti hata akihama chuo au jina lake likiandikwa vyenginevyo. Mie niliwahi kukuta makala yangu imehesabiwa kwa mtu mwengine mwenye majina yangu. Nilipoweka ORCID, tabu ile ikaisha.

Kwa Maalim mstaafu asiye na habari na ORCID, tarehe ya kuzaliwa na shehia anayokaa zinatosha kumtofautisha. Ila taarifa hizo zisitumwe kwenye kundi. Ziwe kwa katibu na mtu mmoja mwengine, basi. Nimeona jadweli zima la wanachama, na namba zao za simu na za vitambulisho, limerushwa kwenye kundi la watu mia na zaidi ili "kila mtu ahakiki jina lake". Msifanye hivyo jamani. Mtu akitaka kuhakiki, mpe mstari wake peke yake.

#7 MsomaTarehe_Dar

Wakuu habari. Mimi niko bara, Dar es Salaam, nasoma historia ya sayansi, nimeguswa na uzi huu nikaona nisipite kimya. @Ngalawa_Moja nataka nikupe kisa cha kweli.

Royal Society ya London, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, ilianzishwa mwaka 1660. Wanachama walitakiwa kulipa shilingi moja kila wiki. Na tatizo lao kubwa miaka ile lilikuwa hili hili lenu: madeni ya ada. Wengi hawakulipa, wengi hawakuhudhuria.

Mwaka 1672 walimchagua kijana mmoja aliyekuwa akifundisha Cambridge, Isaac Newton. Mwaka uliofuata kijana huyo akamwandikia katibu wa jumuiya, Henry Oldenburg, kuomba aondolewe katika uanachama. Sababu mojawapo aliyoitoa ni umbali: yuko mbali na London, hawezi kufaidika na mikutano yao. Cambridge na London ni kilomita 80 hivi, hakuna bahari katikati.

Oldenburg angeweza kukata jina, na barua ya kuomba alikuwa nayo mkononi. Hakulikata. Alimjibu akijitolea kumwombea asamehewe malipo ya kila wiki, na mwaka 1675 baraza likamsamehe kweli. Mwaka 1703 Newton akawa rais wa jumuiya hiyo hiyo, akabaki katika kiti mpaka alipofariki mwaka 1727.

Sisemi kila anayedaiwa Micheweni ni Newton. Nasema katibu mmoja aliuliza "una tatizo gani" badala ya kukata, na mwanachama akabaki. Dada BintiMkoani, nafasi ya Oldenburg ndiyo uliyonayo wewe.

#8 Ngalawa_Moja

Kisa hicho nilikuwa sikijui. Nakubali kwamba kuuliza kwanza ni haki yao. Lakini tukubaliane pia kwamba kuuliza kuna mwisho. Oldenburg alikuwa na mtu aliyeandika barua. Mie nina watu ambao hawajibu kabisa.

#9 BintiMkoani

Wanajamvi, nilikuwa kimya siku nne, sababu nitawaeleza.

Baada ya kusoma ushauri wenu nikasema basi, tuanze kwa kuuliza. Nikatunga ujumbe mzuri, nikautuma kwa namba zote za daftari ambazo hazina alama ya ada. Nilidhani nimeuandika kwa adabu: "Ndugu mwanachama, kumbukumbu zetu zinaonesha unadaiwa ada ya miaka minne, tafadhali wasiliana nasi ili tusilazimike kuondoa jina lako."

Usiku simu ikalia. Sauti ya mwanamke. Akaniuliza taratibu, "Wewe ndiye uliyeandika habari ya deni?" Nikamwambia ndiye. Akasema, "Mwenye simu amefariki, leo siku ya arubaini na tatu. Mie ni mkewe, niko edani. Kama ana deni kwenu niambieni kiasi gani, tulilipe, tusije tukamwachia mzigo."

Nilishindwa kusema. Nyote mnajua deni la maiti lilivyo kwetu. Mama wa watu amekaa eda yake, anapokea ujumbe kwamba mumewe anadaiwa na jina lake litaondolewa. Na marehemu yule alikuwa miongoni mwa waliotia saini katiba ya kwanza. Jina lake ni la sita kwenye daftari jekundu, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Nilikwenda na mwenzangu wa kike kesho yake kumtaka radhi na kumpa mkono wa pole. Tulikaa naye chumbani. Hakutulaumu hata kwa neno moja. Aliuliza tena kiasi. Nikamwambia mama, hakuna deni, sisi ndio tunaodaiwa taazia. Akasema kwenye kabati mna karatasi nyingi za jumuiya, eda ikimalizika twende tukazichukue kama zinatufaa.

Tangu siku ile nimeacha ujumbe wa jumla. Napiga simu moja moja, na kabla ya kupiga namuuliza mtu wa shehia ile ile, fulani yupo? Hajambo? Hadi jana nimewafikia 38. Naweka hapa nilichokikuta, huenda kikamfaa mwengine. Wengi wa niliowaita wadaiwa hawakujua kama wanadaiwa. Kuna waliodhani kile kiingilio cha siku ya kwanza ndiyo basi, maisha. Kuna watano waliolipa na risiti wanazo, kama Maalim, na risiti zote hizo zinatoka katika kitabu kimoja ambacho nakala zake za kaboni hazikuwahi kuhamishiwa kwenye Excel. Kitabu ninacho mie, kimo kwenye mfuko ule ule wa plastiki! Nimekifungua ukurasa kwa ukurasa. Risiti za Maalim zimo, zote tatu. Wawili waliniambia kwa uwazi hawataki tena, nikawashukuru, nikaandika "amejitoa" na tarehe.

#10 Mtunza_Nyaraka

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na ampe subira mkewe.

Dada, hizo karatasi za kabatini zifuateni wakati ukifika, na ziandikieni orodha mbele yake mama, mumwachie nakala. Msizibebe kienyeji. Mtu aliyetia saini katiba ya kwanza huenda ana muhtasari wa vikao ambao nyinyi hamnao popote.

Na katika ile safu ya hali, "amefariki" iwe na maana yake kamili: ujumbe usimfikie tena, jina libaki, na katika mkutano mkuu asomewe dua kwa jina.

#11 Nipo_Mbali

Salaam kutoka Ujerumani, mie mtoto wa Jang'ombe, nasomea shahada ya uzamivu. Nimo kwenye jumuiya kama hiyo nyumbani. Niliingia kwa ada ya mwanafunzi, ni mwaka wa saba sasa na bado naitwa mwanafunzi, kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Nikikaa kimya nalipa kidogo, na nikikaa kimya sina haki ya kugombea. Nimeamua mwaka huu nilipe ya mwanachama kamili.

Ombi langu: kwenye fomu ya mwanafunzi wekeni mwaka anaotarajia kumaliza, na mwaka huo ukifika mumwandikie. Na wa nje muwawekee njia ya kulipa. Namba za simu za malipo za nyumbani huku hazifanyi kazi, inabidi nimtume ndugu yangu, ndiyo yale aliyoyasema Mwamba_Pwani.

#12 Ngalawa_Moja

Dada BintiMkoani, habari ya yule mama nimeisoma mara mbili. Nimekumbuka ujumbe kama huo niliwahi kuutuma mie, kwa watu wengi, na sikuwahi kujua umefika mikononi mwa nani. Neno "kufuta" naliondoa.

Lakini bado kuna suali la haki ambalo halijajibiwa na msiliruke. Aliyelipa miaka yote na aliyekaa minne bila kulipa, kesho wote wawili wanalipa ada ya mwaka mmoja na wanakuwa sawa? Hao thelathini watasema nini? Mie napendekeza hivi. Madeni ya nyuma yasidaiwe, maana hatukuwakumbusha na hatuna ushahidi wa kudai. Alipe mwaka huu, awe hai, apige kura. Lakini kugombea uongozi kuwe na sharti la miaka miwili mfululizo ya ada, na ianze kuhesabiwa sasa kwa kila mtu mwenye risiti. Hapo aliyekuwa akibeba mzigo anapata hadhi yake bila ya kumdhalilisha mwenzake.

Na tarehe ya ada iwe moja kwa wote, mwezi wa kwanza. Nimejaribu kila mtu na tarehe yake aliyojiunga. Kwenye jumuiya kubwa yenye mfumo wa kompyuta unaotuma vikumbusho wenyewe inawezekana. Kwa sisi wenye katibu mmoja wa kujitolea, ni kujichosha. Mtu anayejiunga mwezi wa kumi na kuendelea, ada yake ihesabiwe ya mwaka ujao.

#13 Mwamba_Pwani

Hapo kwenye miaka miwili ya kugombea nakuunga mkono kabisa. Nyongeza moja tu, wanachama wa maisha. Kama mnao waliolipa mara moja zamani wakaambiwa wamemaliza, ahadi hiyo iheshimuni, lakini msiiuze tena. Pesa yake iliisha miaka mingi nyuma na jina lake linahesabika kwenye akidi mpaka leo. Wao waombwe jambo moja tu kila mwaka, kuthibitisha kwamba wapo na namba zao ni zile zile.

#14 BintiMkoani

Nashukuru kutoka moyoni. Kamati ilikutana Jumamosi. Niliwasomea uzi huu, si wote lakini sehemu kubwa. Orodha ya kufuta imeondolewa kwenye ajenda. Mkutano wa pili utaitishwa kwa kile kipengele cha siku 21, na ndani yake tutapeleka mabadiliko mawili ya katiba: akidi kwa wanachama hai, na miaka miwili kwa wagombea. Msamaha wa madeni umepita, ingawa wajumbe wawili hawakuupenda na wameandikwa kwenye muhtasari kwamba hawakuupenda, ni haki yao.

Kila mwanachama amepewa namba kwa kufuata mpangilio wa daftari jekundu. Mama nimempigia kumwambia kwamba namba 6 ni ya marehemu na haitapewa mtu mwengine. Akaniambia ahsante, akakaa kimya kidogo, akauliza mkutano ni lini.

Unguja atakuwepo mtu wa kupokea ada, na Pemba mtu wake, kila mmoja na kitabu chake cha risiti, na kila Ijumaa nakala zinaingizwa kwenye jadweli na wote wawili wanatiana saini. Hakuna atakayevuka bahari kwa ajili ya kulipa ada.

@Mwalimu_wa_Wete ulisema kweli, 54 zimekuwa 71 nilipoziangalia kwa yale majina. Na katika hao kuna Salum na Salim, wawili kweli, nimezungumza nao wote.

Simu zilizobaki ni 49. Kesho naanza na Micheweni, sitapiga, nakwenda mwenyewe. Nimeshamwambia Maalim kwamba nakuja na kadi yake. Kasema nisije asubuhi, anaanika karafuu, nije baada ya alasiri.